Wiki 12 na sanduku la karatasi: shajara ya mradi wangu wa uhasibu

Wiki ya 1

Nimeamua kuandika hii shajara kwa sababu mradi wetu wa mwaka wa tatu ni mrefu, semista nzima, na najua nikifika wiki ya 8 ntakua nimeshasahau tulianzaje. Mradi uko hivi: tumepewa sanduku la karatasi za karakana ya samani, karakana yenyewe ni ya kubuni lakini karatasi zimetengenezwa kama za kweli kabisa, kuna invoisi, risiti, vocha za malipo, stetimenti za benki za miezi 12, karatasi za mahudhurio ya mafundi. Tumezihesabu, ziko 412 na hazijapangwa hata kidogo. Kazi yetu ni kuzitoa hapo mpaka ziwe hesabu kamili za mwaka, afu juu ya hesabu hizohizo tufanye kazi mbalimbali ambazo mhasibu huajiriwa kuzifanya, kwa hiyo kila baada ya muda tunahamia kiti kingine, mara mtunza vitabu, mara mtu wa gharama, mara wa kodi, mwisho odita, yaani mkaguzi wa hesabu. Kundi letu tuko wanne.

Mi nilikuja kusoma uhasibu nikiwa na wazo moja tu, kuwa odita kwenye mojawapo ya zile kampuni nne kubwa za ukaguzi, Deloitte, PwC, EY au KPMG. Ndo majina niliyokua nayasikia tangu sekondari kila mtu akiongelea uhasibu. Kazi nyingine nilikua nazijua kwa jina tu, sijawahi kuzigusa. Kwa hiyo swali langu kwa mradi huu ni moja: nikikaa kwenye kila kiti, kipi kitanifanya nisahau kuangalia saa.

Wiki ya 2

Tumeanza kuingiza jenero, yaani daftari la kuandika kila muamala kwa mpangilio wa tarehe, na mwalimu amekataa kabisa tusitumie programu mwezi wa kwanza, kila kitu kwa mkono. Nilichukia siku ya kwanza ila siku ya tatu nikaanza kumuelewa, maana ukiandika kwa mkono unalazimika kufikiri kila mstari unaenda wapi.

Kitu kimoja kilichonisumbua tangu mwaka wa kwanza leo kimekaa sawa. Tulifundishwa keshi ikiingia unadebiti, yaani unaandika upande wa kushoto wa akaunti, sawa, lakini ukichukua stetimenti ya benki, hela ikiingia wanaandika krediti, yaani upande wa kulia, sasa nani yuko sahihi? Wote wako sahihi. Ile stetimenti ni kipande cha leja ya benki, yaani daftari lao lenye akaunti zote, sio cha leja yako. Ukiweka hela benki, kwako ni mali, kwao ni deni wanalodaiwa na wewe, na deni likiongezeka linakrediti. Yaani muamala mmoja una watu wawili na kila mtu anauandika akiwa amesimama upande wake. Nimemwelezea mwenzangu wa kundi kwa kuchora T mbili kwenye karatasi, ya kwetu na ya benki, akanyamaza kidogo afu akasema mbona hatukuchorewa hivi mwanzo. Na kweli, ingetuokolea mwaka mzima wa kukariri.

Mali ni sawa na madeni jumlisha mtaji, kila kitu kinarudi hapo. Mfumo huu wenyewe ni wa zamani sana, Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494 ndani ya kitabu chake cha hisabati, na hakuuvumbua yeye, alieleza tu namna wafanyabiashara wa pale walivyokua tayari wanatunza vitabu vyao. Walikua na madaftari matatu, la kwanza la kuandika tukio kama lilivyotokea, la pili jenero, la tatu leja. Nikiangalia meza yetu naona tunafanya kilekile, sanduku, jenero, leja, zaidi ya miaka 500 baadaye.

Wiki ya 3

Vocha, vocha, vocha. Hamna jipya. Tumefika 260.

Wiki ya 4

Urari, ile orodha ya akaunti zote ambayo jumla ya debiti na ya krediti lazima zilingane, umegoma. Debiti 846,350, krediti 843,650, tofauti 2,700. Tulikaa kuanzia saa nane mchana tunatafuta. Mbinu ya kwanza tuliyoijua ni kugawa tofauti kwa mbili, ukipata 1,350 unatafuta muamala wa kiasi hicho uliowekwa upande usio wake, maana kitu kikikaa upande usio wake tofauti inakua mara mbili yake. Hatukupata 1,350 popote. Tukaanza kulaumiana nani aliandika kurasa zipi, mmoja akataka tufungue akaunti ya muda tuweke 2,700 humo tuendelee, mi nikakataa maana tungeibeba mpaka mwisho wa mradi.

Nikaenda kwa mwalimu nikamwambia urari umegoma. Hakuangalia hata karatasi. Akauliza tofauti ni ngapi, nikamtajia, akasema gawanya kwa 9. Inagawanyika, 300. Akasema haya, mtu kageuza tarakimu, na hizo sifuri mbili zinakuambia ni tarakimu za elfu na mia, na hiyo 3 inakuambia hizo tarakimu mbili zinapishana kwa 3, nenda katafute. Nikarudi mbio. Dakika kumi na tano tu. Invoisi ya mbao, kwenye manunuzi tumeandika 17,400, kwenye akaunti ya mdai wetu tumeandika 14,700. Ile 7 na 4 zimebadilishana nafasi. Nilivyoiona mikono ilikua inatetemeka kidogo, kwa furaha. Sababu yenyewe ni hisabati ya kawaida tu, ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili zinazofuatana tofauti lazima igawanyike kwa 9, lakini kuiona ikifanya kazi kwenye daftari lako mwenyewe baada ya masaa manne ya kutafuta ni kitu kingine kabisa.

Ila mwalimu akatuonya hapohapo, urari ukikubali haina maana vitabu viko sawa. Ukisahau vocha nzima urari unakubali. Ukiweka kitu kwenye akaunti isiyo yake urari unakubali. Makosa mawili yakilingana unakubali pia.

Wiki ya 5

Hii wiki ni ndefu, naandika kwa haraka kabla sijasahau.

Kwanza usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha kitabu chetu na stetimenti mpaka vikubaliane. Kitabu chetu kinasema 52,180, benki inasema 61,430. Hundi tulizotoa ambazo wenyewe hawajaenda kuzichukulia hela ni 12,600, hela tuliyopeleka siku ya mwisho ambayo benki hawajaiingiza 3,000, makato ya benki ambayo sisi hatukuyaandika 350. Upande wa benki ukijumlisha 3,000 na kutoa 12,600 unapata 51,830, upande wetu ukitoa 350 unapata 51,830. Kiti cha mtunza vitabu nimekikaa kwa wiki tano na nakiheshimu sana saivi. Watu wanakidharau kwamba ni kazi ya kuanzia tu, lakini hapa chini kukiharibika, juu yake kote kunaharibika.

Pili, marekebisho ya mwisho wa mwaka. Kulikua na wateja waliolipia meza Desemba na meza bado hazijatengenezwa, hiyo hela hatuwezi kuiita mapato, chini ya IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha hesabu za mapato, mapato yanaingia pale unapomkabidhi mteja kitu chake, kwa hiyo kwa sasa ni deni. Umeme wa mwezi wa mwisho haujaletewa bili lakini umetumika, unaingia kama gharama ya mwaka huu.

Afu ikaja ile kubwa. Baada ya marekebisho yote mengine hesabu zikaonesha hasara ya 16,000. Tukashangaa, karakana inauza vizuri, hasara imetoka wapi? Tukapitia akaunti moja moja na kwenye matengenezo tukakuta 24,000 kwa mkupuo mmoja. Tukaitafuta vocha yake. Kumbe ni mashine mpya ya kupasulia mbao, imenunuliwa mwanzo wa mwaka, aliyeiingiza aliona neno mashine akaiweka kwenye matengenezo ya mashine. Aliyeiingiza ni mimi, mwandiko wangu ule. Mashine itatumika miaka 8, kwa hiyo mwaka huu unabeba uchakavu wa 3,000 tu, ile 21,000 inabaki kama mali kwenye mizania, ile karatasi ya mali, madeni na mtaji. Hasara ya 16,000 ikageuka faida ya 5,000. Karatasi moja! Na urari ulikua umekubali muda wote huo.

Mwalimu akachukua nafasi hiyo akatuambia kuhusu WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, wao walifanya kinyume chake na kwa makusudi, gharama za kawaida za kutumia laini za makampuni mengine wakaziandika kama mali ili zisile faida. Juni 2002 walikiri dola bilioni 3.8, na baadaye kiasi kikapanda zaidi, Julai kampuni ikaomba kinga ya mufilisi. Walioikamata ni wakaguzi wa ndani wa kampuni hiyohiyo, timu ya Cynthia Cooper, walikua wanafanya kazi mpaka usiku ili wasijulikane. Nikawaza, kosa lao na langu ni mstari uleule mmoja, gharama au mali, tofauti ni nia tu, na anayesoma ripoti kutoka nje hana namna ya kuiona nia. Ndo maana vocha lazima iwepo.

Wiki ya 6 na ya 7

Nimehamia kiti cha gharama. Hapa naomba niandike taratibu.

Karakana inatengeneza viti 3,000 na meza 1,000 kwa mwaka. Kiti kimoja kinakula mbao za 40 na saa moja ya fundi, saa moja ni 25, kwa hiyo 65. Meza inakula mbao za 70 na saa tatu, 75, jumla 145. Hapo hamna ubishi. Ubishi uko kwenye ovahedi, yaani kodi ya jengo, umeme, msimamizi, uchakavu wa mashine, zile gharama ambazo huwezi kusema hii ni ya kiti hiki. Jumla ni 90,000. Bei ya kuuza kiti ni 85, meza 180.

Mwenzangu akagawa kirahisi, bidhaa ziko 4,000, kila moja ibebe 22.50. Kiti kikawa 87.50, kinauzwa 85, hasara. Meza ikawa 167.50, inauzwa 180, faida. Akaandika kwenye rasimu kwamba karakana iache viti iongeze meza.

Mi nikagawa kwa saa za mafundi. Viti vinatumia saa 3,000, meza saa 3,000, jumla 6,000, kila saa inabeba 15. Kiti kikawa 80, kinauzwa 85, faida ya 5. Meza ikawa 190, inauzwa 180, hasara ya 10. Ushauri umegeuka kabisa, iache meza iongeze viti! Na faida ya karakana nzima kwa njia zote mbili ni ileile 5,000, hamna hata senti iliyobadilika, mafundi walewale, mbao zilezile.

Tulibishana mpaka walinzi wakaja kufunga darasa. Nilichokiona usiku ule ni kwamba hesabu za nje, zile zinazoenda kwa wenye hisa na benki, zina viwango vinavyokuongoza, lakini ndani ya kiwanda hamna kiwango kinachokulazimisha ugawe ovahedi hivi au vile unapoamua uuze nini, ni wewe na uelewa wako wa jinsi kazi inavyofanyika pale chini. Mtu wa gharama asiyewahi kusimama karibu na mafundi atatoa namba safi iliyo mbaya. Afu hata jibu langu bado halitoshi kufunga meza, maana tukiacha meza, jengo bado litalipiwa kodi ileile. Meza inaingiza 180 na ikiondoka tunaokoa 145 tu, zile 35 zilikua zinachangia ovahedi, tukiiacha tunazikosa. Meza 1,000, tunakosa 35,000, na karakana inayopata faida ya 5,000 inaingia hasara ya 30,000. Na ukiviacha viti badala yake, kila kimoja kilikua kinachangia 20, mara 3,000 ni 60,000, hasara 55,000. Kwa hiyo njia yake na njia yangu zote mbili zingemwangusha mwenye karakana kama angefuata ule ushauri bila kuuliza swali hili la pili.

Sikuangalia saa wiki hizi mbili.

Wiki ya 8

Kodi. Nimekaa siku nne. Kikubwa nilichokipata ni kwamba faida ya mhasibu na faida ya mtoza kodi ni vitu viwili, unaanza na ile 5,000 afu unarudisha vitu ambavyo sheria haivikubali, faini kwa mfano nchi nyingi hazikubali zipunguze kodi, unatoa uchakavu wako unaweka wa sheria ya kodi, mwisho unapata namba nyingine. Inahitaji mtu anayependa kusoma sheria kwa makini na kuifuatilia kila bajeti inapobadilika. Mwenzetu mmoja kaipenda sana, ndo kashasema anaelekea huko. Mi nimemaliza kazi yangu na nimehama kiti.

Wiki ya 9

Walikuja watu waliomaliza chuo miaka ya nyuma kutuelezea kazi zao. Nilitegemea wote wawe maodita, aliyekua odita ni mmoja tu. Mwingine anachambua mikopo benki, kazi yake kusoma hesabu kama zetu na kusema huyu atalipa au hatalipa. Mwingine ni mkaguzi wa ndani hospitalini. Mwingine anasimamia hela za wafadhili kwenye shirika, kila senti lazima irudi kwenye bajeti iliyosainiwa. Na mmoja anafanya uchunguzi wa wizi wa mahesabu, alituonesha kwamba kwenye rundo kubwa la namba za kawaida, zile zinazoanza na 1 huwa karibu asilimia 30 na zinazoanza na 9 hazifiki hata 5, inaitwa sheria ya Benford, kwa hiyo mtu akitunga invoisi kichwani mara nyingi namba zake zinasambaa vibaya. Sio ushahidi, alisisitiza hilo, ni sehemu ya kuanzia kuchimba.

Nikawauliza kuhusu mitihani ya bodi. Digrii peke yake hutosha kuingia mlangoni, ila kusaini hesabu kama odita unahitaji kuwa umesajiliwa kitaaluma. Cheti cha uhasibu cha ACCA kwa mfano ni mitihani 13, digrii ya uhasibu inaweza kukupunguzia mpaka 9 ya kwanza kutegemea ulisoma nini, afu miezi 36 ya kazi. Mkaguzi wa ndani anaenda CIA, yaani Certified Internal Auditor, mitihani ya sehemu tatu. Mtu wa gharama anaenda CIMA au CMA, vyeti vya uhasibu wa ndani wa kampuni, na hiyo CMA ni sehemu mbili. Yule dada wa ukaguzi wa ndani akatuambia tusikimbilie vyeti vyote, tuchague kazi kwanza cheti kifuate kazi. Nimeandika hilo kwenye jalada la daftari.

Wiki ya 10 na ya 11

Hatimaye uodita. Tumebadilishana vitabu na kundi lingine, wao wana kiwanda cha uchapaji. Nilichojifunza ni uelekeo. Ukitoka kwenye leja kwenda kwenye vocha unapima kama kilichoandikwa kilitokea kweli, ukitoka kwenye vocha kwenda kwenye leja unapima kama kilichotokea kimeandikwa chote. Ukifanya upande mmoja tu umekagua nusu. Na odita hasemi vitabu viko sahihi asilimia mia, anatoa uhakika wa kuridhisha kwamba hamna kosa kubwa, na ukubwa huo anaupanga mapema, njia moja iliyozoeleka ni asilimia 5 ya faida kabla ya kodi. Wao faida yao ilikua 31,000, tukapanga 1,550.

Tukakuta mauzo ya 9,600 yameingizwa Desemba na hati ya kukabidhi mzigo ni ya tarehe 3 Januari. Nikamwita kiongozi wa kundi lao nikamwonesha. Akaniambia dada, semista inaisha, iacheni tu, mwakani itajirekebisha yenyewe. Na ni kweli, miaka miwili ukiijumlisha inatoka sawa. Lakini anayetaka kuwakopesha haangalii miaka miwili, anaangalia 31,000, na bila hiyo 9,600 ni 21,400 kabla hata hujagusa gharama ya mzigo wenyewe. Ilikua ngumu, ni rafiki yangu na tunakaa bweni moja. Nikamwambia naiandika, ukirekebisha naifuta kwenye ripoti, usiporekebisha inabaki. Alikaa kimya siku mbili. Jumatano akaleta hesabu mpya, mauzo yameondolewa na mzigo umerudi kwenye stoki. Nimemheshimu sana kwa hilo na nimemwambia hivo.

Kazi hii naiweza, nimeiona. Ila nilikua naangalia saa.

Wiki ya 12

Tumekabidhi ripoti. Mwalimu ameuliza kila mtu anaenda wapi kwenye mafunzo kwa vitendo. Nimemwambia sipeleki tena barua kwa maodita, naomba idara ya gharama kiwandani, popote penye watu wanaotengeneza kitu kwa mikono. Akaniuliza kwa nini, nikamtajia 87.50 na 80. Akasema sawa, lakini hiyo 80 yako umegawa kwa saa za mafundi na karakana imenunua mashine ya 24,000, una uhakika ovahedi inafuata mikono na sio mashine?

Sikua na jibu. Nimeomba nibaki na sanduku wiki moja zaidi, amekubali. Karatasi za mahudhurio zina saa za mafundi tu, ila kwenye bili za umeme nimeona mwezi ambao meza zilitengenezwa nyingi matumizi yanapanda sana, kwa hiyo Jumamosi naanza na zile bili 12, nazipanga mwezi kwa mwezi pembeni ya idadi ya meza na viti.